Ukombozi wa Shamba la Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mhadhiri wa ujasiriamali ameagiza: kila mwanafunzi aonyeshe mradi unaoishi, si wa karatasi, ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo. Mwenzangu Hamida ana dagaa wa mjomba wake wa Kabwe. Dagaa! Mimi nina andiko la kurasa kumi na nane, na shamba la mama huko Izia.

Jumatano, 5 Machi
Mama yuko Nkasi, anamuuguza dada yake. Nimekagua shamba. Aibu! Ntumba tupu: vichuguu vya udongo, majani yamefukiwa chini, maharage yameota juu. Robo eka ya mteremko, chakula chetu cha mwaka mzima, katika gereza la mazoea. Nitaikomboa kwa kabichi, mistari iliyonyooka, soko la Kizwite.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesawazisha vichuguu vyote. Jirani yetu, Mzee Leonsi, alisimama mpakani. Nikamwamkia. Akasema ntumba haivunjwi hadi mvua za mwaka ujao, majani yakiisha kuoza.

"Unafukua maiti wa juzi, kijana, halafu unataka akulimie."

Nikamhutubia juu ya minyororo ya fikra. Aliondoka nikiwa kwenye utangulizi.

Jumapili, 9 Machi
Mvua tangu misa hadi alasiri. Miche mia mbili ya kabichi niliyopanda jana imo mtaroni, pamoja na udongo wake. Shambani yamebaki majani niliyofukua, ya njano, yananuka. Hata mawingu ni vibaraka wa ukale!

Jumanne, 11 Machi
Mama amerudi. Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye vipengele vitano. Alisimama ukingoni muda mrefu, mzigo ungali kichwani.

"Sasa tutakula nini, baba?"

Nilikuwa kwenye kipengele cha pili. Akapiga magoti, akaanza kuokota maharage yaliyonyauka, mche mmoja mmoja.

Ijumaa, 14 Machi
Hamida wa kwanza. Mhadhiri akauliza shamba langu li hali gani. Nikajibu kwamba limo katika kipindi cha mpito. Darasa zima likacheka, isipokuwa Hamida. Hilo liliniuma zaidi. Jioni akamletea mama sado ya dagaa. Nilikula huku nikipinga.

Jumamosi, 15 Machi
Mzee Leonsi amemwazima mama kipande cha shamba lake. Ntumba arobaini, maharage yameanza kutoa maua. Mama alishukuru hadi machozi. Mimi nilikipima kwa hatua. Hakina mteremko! Kumbe kosa lilikuwa mteremko tu, nadharia ilikuwa sahihi. Kesho asubuhi wote wawili watakuwa kanisani. Jembe nimekwisha kulinoa.