Antena ya Kumrudisha Domitille

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mke wangu Domitille bado yuko Katogota kwa baba yake. Namba yangu ameifunga. Nikimpigia kaka yake Kizito, anakata. Leo baba mkwe ametuma neno: nisiposema mbele za watu kwamba nimeachana na mipango yangu, Jumanne ya wiki ijayo binti yake anapanda gari la Bukavu, akakae kwa dada yake na kujifunza kushona. Harudi tena. Mipango yangu! Ule wa kuku ungefaulu kama si kuku wenyewe.

Nyumba yetu hapa Uvira imekuwa kubwa mno. Nimekula ugali baridi nikiwa nimesimama. Namkosa, jamani, namkosa sana.

Kwenda Katogota kuomba msamaha ana kwa ana? Mbele ya mama mkwe? Asante. Nina njia bora. Kizito ana phonie kibarazani huko huko kwa baba yao, ile redio ya kusema na kujibiwa. Kila siku saa kumi alasiri anaiwasha, anapasha habari za mashamba na misiba hadi Mulenge milimani, ambako simu haishiki. Na phonie haifungiki kama simu. Anayebonyeza anasikika, upende usipende. Basi nafunga phonie ndani ya teksi yangu! Nitaongea na Domitille nikiwa kwenye usukani, kama mkubwa wa shirika. Na jirani yangu Nourdine, ambaye tangu anunue teksi mpya hasalimii watu, ataona.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimepata! Gereji ya Candide, Kavimvira, nyuma kabisa, kuna gari moja kubwa la safari za mbali, limepondeka. Redio imo, mikro ya kusemea imo, antena imo. Nilitaja bei ya matusi. Candide akakubali papo hapo. Mimi na biashara!

Hakunisaidia lakini. Alinipa bisibisi akabaki getini, eti mgongo unamuuma. Nilipomuuliza gari lilipatwa na nini, akasema lilitumbukia mtoni kule Bwegera, kisha akaanza kuzungumzia bei ya saruji. Kiti cha nyuma alinipa bure, hata sikukiomba. Kizuri kuliko changu. Kina unyevu kidogo, ingawa gari lenyewe limekaa juani tangu mwaka jana. Kitakauka.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siku nzima ya kufunga mitambo. Waya wa chini, ule wa kushikana na bodi, unataka chuma kitupu, nikakwangua rangi ya bodi hadi ikang'aa. Nikatoboa paa la gari kupitisha waya wa antena. Tundu limezidi kidogo. Ngumi yangu inapita. Fyuzi sikuwa nayo, nimeweka msumari. Antena nimeikaza kwenye bampa ya nyuma. Ni ndefu kupita nyumba yetu, nikaikunja na kuivuta kwa kamba hadi mbele.

Kamba ikakatika nikitoka uani. Antena ikasimama yenyewe, ikazoa nguo alizoanika mama yake Nourdine, nami nikapita Mulongwe yote na kitenge chake kikipepea juu. Watu wakapiga makofi. Nilidhani wanasifu phonie. Nourdine alikuja kukidai kitenge, akachungulia ndani ya teksi, akaniuliza kwa adabu isiyo ya kawaida yake kama yule mama aliyekaa nyuma ni mgeni wangu. Mama gani? Macho yake mabovu kama roho yake.

Saa kumi nikabonyeza mikro. Honi ikalia! Vifuta-kioo vikaanza kucheza! Nikaachia, vikatulia. Nikabonyeza, honi. Nikaita Katogota hivyo hivyo, kwa honi kama msafara wa harusi. Sikujibiwa. Ila nilipozima injini, makelele yote yakafa, nikasikia mtu anapumua ndani ya spika. Polepole. Halafu sauti ya mwanamke ikasema, "Bahati. Niko nakusikia muzuri."

Nywele zilinisimama. Domitille hajawahi kuniita kwa upole namna hiyo!

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Ananijibu! Kizito simsikii kabisa, nadhani ametupisha kwa heshima. Nimemwambia mke wangu yote. Kwamba nampenda. Kwamba bila yeye nyumba haina joto. Kwamba nimeachana na mipango (phonie si mpango, ni kifaa). Alikuwa anasema pole, Bahati, pole. Mwisho akaniambia beseni nililoweka kitandani, upande wake, limejaa, nikamwage.

Nimeingia chumbani. Limejaa kweli. Nikamwaga. Baadaye ndipo nikajiuliza amejuaje, maana paa la chumba limeanza kuvuja juzi tu, yeye hayupo. Nourdine! Lazima anampigia na kumpasha habari zangu. Huyo mtu hana kazi?

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nourdine ameapa hana namba ya Domitille. Mwongo, tena mbele ya mama yake.

Msumari umeua betri. Nimeitoa na kuipeleka kuchajiwa, lakini saa kumi nikakaa kwenye teksi kwa mazoea tu, vioo vimefungwa, nikimuwaza mke wangu. Taa ya phonie ikawaka. Sauti ikaja, karibu sana, kama iko sikioni. "Kesho ukuye unikamate Bwegera, pale pa daraja ya mipunga. Nimengoja sana."

Phonie inashika bila betri! Kumbe nimeifunga vizuri kiasi hiki! Kuna mafundi wana vyeti ukutani na hawajafikia hapa. Miguu ilinipiga baridi kidogo, lakini hiyo ni hewa ya ziwa. Kesho namrudisha mke wangu! Nimefagia nyumba, hata chini ya kitanda.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Betri ilirudi na chaji alfajiri, nikaondoka.

Nilifika Bwegera asubuhi. Daraja dogo, mpunga pande zote, hakuna mtu. Hata ndege hawalii. Nikazima injini, nikangoja. Mara teksi ikashuka nyuma, kama inavyoshuka abiria mnene anapopanda. Mlango sikuusikia. Nikatazama kwenye kioo, kiti kitupu. Nikalaumu springi. Domitille hakutokea, nikaamua kumfuata Katogota. Kwenye kizuizi cha barabarani mtu mmoja aliinama dirishani, akakisalimia kiti changu cha nyuma, akasema, "Mupite, nyinyi wawili."

Katogota, Domitille alitoka mwenyewe kunipokea. Amekonda. Moyo ulinienda mbio kama wa kijana. Alikuwa ameshika mfuko wake wa nguo, naapa! Akaja hadi garini, akachungulia, akasimama.

"Huyu mwanamuke wa nguo za maji, iko nani?"

Nikageuka. Hakuna mtu. Kiti tu, kimelowa, na maji yanatiririka sakafuni. Nikamwambia ni lile tundu la paa. Akatazama mbingu, hakuna hata wingu moja. Akarudi ndani na mfuko wake.

Nikamkimbilia Kizito, nikamwambia dada yake mwenyewe ndiye aliyeniita, kwa phonie. Akanitazama vibaya. Akasema Domitille hajagusa phonie hata siku moja. "Shemeki, siye wote tulikuwa tunakusikia. Weye peke yako. Unasema, unanyamaza, unacheka, unasema tena. Hakuna muntu alikujibu." Bonde zima la Ruzizi lilinisikia, na Mulenge pia. Na Domitille alikaa pembeni ya spika akilia, kwa sababu nilitamka mbele za watu kwamba nampenda na mipango basi. Ndiyo maana alifunga mfuko.

Nimelia njia nzima ya kurudi Uvira. Phonie ilikuwa kimya kabisa. Haikuita hata mara moja, kama vile aliyekuwa akiita amekwisha kupata alichotaka.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Basi ni mzimu. Mtu mwingine angetupa phonie ziwani, na kile kiti pia. Mimi nimefikiri zaidi. Kosa halikuwa la phonie. Kosa lilikuwa kuamini! Kuanzia leo, sauti yoyote ya kike ikiniita humo, naifukuza. Phonie inabaki, na nitampata Domitille kupitia Kizito, mwanamume kwa mwanamume.

Isitoshe teksi inajaa haraka siku hizi. Abiria wanapenda gari ambalo tayari lina mtu ndani. Tatizo wakishaketi kidogo wanaomba kushuka, wote, hata katikati ya daraja la Kalimabenge. Nourdine amesema teksi yangu inanuka matope ya mpunga. Wivu.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimeshinda!

Saa kumi nilikuwa tayari, mikro mkononi. Sauti ya mwanamke hiyo! Na safari hii mzimu umejitahidi. Ulikohoa kama Domitille. Haukujua kutumia kitufe, mpaka sauti nyingine, eti ya Kizito, ikauelekeza. Mbuzi walilia nyuma yake. Halafu ukaanza kunigombeza! Kuku, msumari, tundu la paa, yote, kwa mpangilio ule ule wa mke wangu. "Bahati, weye iko mupumbavu. Lakini iko wangu." Ukasema eti baba mkwe ameueleza kila kitu, kwamba kuna mwanamke alikufa ndani ya gari kule Bwegera, na kwamba yule niliyembeba Jumamosi haiko muntu. "Toka mu ile gari, nakuomba. Kuya hata kwa miguu. Minye niko natumia phonie ya kaka, dereva wa Bukavu iko napiga honi. Sema neno moja tu, sipande."

Nilikaribia kunaswa. Machozi yalinitoka, mdomo ulikuwa tayari kusema ndiyo. Lakini Bahati hadanganywi mara mbili! Nikabonyeza, honi ikalia, nikamwambia mbele ya bonde zima kwamba nimemjua, kwamba mke wangu wa kweli hawezi kunibembeleza watu wakisikia, arudi kwenye matope yake na asiniite tena maisha. Terminé, imekwisha!

Nikaachia kitufe. Kisha, kwa mbali, nikasikia mlango wa gari ukibamizwa na injini ikiondoka. Hata hilo wanajua kuigiza, hawa.

Nina furaha. Kesho nafunga antena ya pili, ndefu zaidi, ili Domitille anisikie vizuri huko Katogota. Nilipokuwa nafuta machozi, mtu akacheka nyuma yangu, taratibu, kwenye kile kiti. Angalau kuna mmoja mjini hapa anayeithamini kazi yangu.