Hodi Tatu kwa Kiini

"Hivi Husna mwanangu, hiyo mashine yenu nayo ni ya kubishiwa hodi?" aliwahi kuuliza Bibi Subira, jirani yake pale Munje.

Husna, fundi wa kompyuta za zahanati, akamnyooshea kidole ukutani. Tangazo lilikuwa limeshatoka: kuanzia Jumatatu, kompyuta zote zitatumia Mwito Sanifu, kwa heshima ya taifa na vizazi vijavyo.

Ndani ya kompyuta, kiini, yaani programu kuu, ndicho mwenye nyumba. Programu ikitaka faili la mgonjwa hukiita kiini, nacho hulitoa. Lakini kila fundi alikuwa ameupanga mwito kwa namna yake: huyu ametanguliza jina, yule nambari. Husna alikuwa amependekeza jedwali moja la ukurasa mmoja, ili mwito wa wote uwe sawa. Mkurugenzi wa zahanati, Nassir, akaliona changa, akaunda kamati, nayo ikakaa hotelini Diani miezi minne ikilikomaza.

Likarudi na kurasa mia mbili. Kila mwito usalimie, utaje cheo cha anayeita, kisha ubishe hodi mara tatu. Usipojibiwa, urudi kwa adabu.

"Sisi ni watu wa pwani," alisema Nassir. "Hatuvamii kiini cha mtu."

Jumatatu ilipofika, adabu ikastawi. Kiini kikawa hakina kazi nyingine ila kuitikia salamu, hodi hakikuziwahi. Jumatano Bibi Subira, aliyeishiwa vidonge vya presha tangu Jumapili, alikuwa angali benchini, kichwa kikimgonga. Bila faili hapewi dawa. Kioo cha kompyuta kiliandika: HODI HAZIKUJIBIWA. TUMERUDI.

Ndipo akaingia Nassir, shavu limevimba kwa jino.

"Faili langu, hima!"

Husna akabonyeza. TUMERUDI.

"Iambie ni mimi!"

"Imeshasema, Mkurugenzi. Cheo chako ndicho kilichochelewesha."

"Basi ingia kwa nguvu!"

"Astaghfirullah!" akadakia Bibi Subira. "Nyumba ya mtu, baba? Rudi kwa adabu, kama tulivyorudi sisi jana na juzi."

Benchi zima likaangua kicheko. Nassir akalishika shavu.

"Ule ukurasa wako uko wapi?"

Husna akautoa mkobani. Nassir akautia sahihi juu ya goti. Husna akaliingiza jedwali kwenye kompyuta, na haukupita muda, kiini kikaanza kutoa mafaili, la kwanza la Bibi Subira.

"Na mimi?"

"Wa arubaini na moja, Mkurugenzi. Jedwali hili halina nafasi ya cheo."

Bibi Subira, vidonge mkononi, akainuka, akapangusa pale alipokuwa amekaa.

"Karibu, baba. Hapa hapahitaji hodi."

Nassir akaitazama ile nafasi, akageuka, akatoka na jino lake.