Kungoja N

Mshenga aliiona fursa yake ikiwa imeshika kitambaa cha kufutia vumbi. Ilikuwa asubuhi, na mwenye yadi ya magari mapya, ambaye mji mzima ulimwita Mama Yadi, alikuwa akizunguka gari moja baada ya jingine, akifuta vioo ambavyo hakuna mteja aliyevigusa. Mshenga alisimama getini, akaiweka sawa kola ya shati. Muuza magari anayefuta vumbi mwenyewe, alijiambia, ni mtu aliye tayari kusikiliza lolote.

Sababu ya vumbi ilijulikana hata na watoto. Katika nchi ile kibao cha namba kilianza na herufi, na herufi hiyo ilisonga mbele kadiri magari yalivyosajiliwa. Wakati huo ilikuwa M, na M ilikuwa mahututi. Vibao vyake vikiisha ingekuja N. Nani mwenye akili zake angenunua gari la M leo, kesho jirani apite na N akimpigia honi? Gari lingekuwa limetoka kiwandani likinuka raba, lakini kibao kingelitangaza kuwa la juzi. Watu walikuwa na pesa. Walichokosa ni herufi. Basi walikaa nyumbani wakangoja, na Mama Yadi akafuta vumbi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kama unauza bima, nimeshakata zote."

"Siuzi kitu. Nauliza tu: hawa marehemu unawakalia matanga mpaka lini?"

Mama Yadi hakucheka, lakini hakumfukuza pia.

Jina la kuzaliwa la kijana huyu lilikuwa limesahauliwa na watu wote isipokuwa polisi. Walimwita Mshenga kwa sababu angeweza kuiposea meza kiti, na pande zote mbili zikamshukuru. Ndoa moja tu ilimshinda, nayo ni yake mwenyewe. Mkewe alikuwa amerudi kwao, mwaka wa pili sasa. Kila Mshenga alipokwenda kumwomba msamaha, baba mkwe, dereva mstaafu wa malori, alimpokea kibarazani na kumrudishia zawadi yake. Saa ya mkononi ilikuwa imechongwa jina la mtu mwingine. Redio ilifuatwa na mwenyewe siku ya pili.

"Siku utakapokuja na kitu ambacho hakijawahi kuwa cha mtu mwingine," mzee alimwambia, "nitamwita binti yangu atoke."

Mshenga alilibeba neno hilo kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni.

"Punguza bei kidogo," alimwambia Mama Yadi. "Watu walipe leo, magari yalale hapa hapa, yasajiliwe N ikifunguka."

"Hilo mtu yeyote anaweza kufanya."

"Kweli. Ila hakuna anayependa kufanya jambo ambalo mtu yeyote anaweza kufanya. Mimi nitawaambia nina mtu ofisini, anayewashikia mafaili yao. Wewe chukua bei ya gari, mimi nachukua shukrani ya huyo mtu."

"Unaye kweli?"

"Mama, ningekuwa naye ningelazimika kumlipa."

Mama Yadi alikikunja kitambaa, akakikunja tena. "Mimi nauza magari," alisema. "Maneno ni yako."

Mteja wa kwanza alikuwa mwenye bucha, mtu mnene ambaye kijiti cha meno hakikumtoka mdomoni hata akiwa kanisani.

"Hiyo N nitaipata bila wewe," alisema. "Nitangoja."

"Ngoja tu, kaka. Hata jirani yako wa duka la dawa anangoja. Tofauti ni kwamba yeye anangoja akiwa na mtu ofisini."

Kijiti kilisimama. "Yule mama? Amelipa?"

"Siri ya mteja siitoi." Mshenga alinyamaza kwa heshima ya siri hiyo. "Jana, kabla ya chai."

Mwenye duka la dawa hakuwa amelipa hata senti. Alilipa jioni hiyo, aliposikia kwamba mwenye bucha amelipa. Wawili hao walipakana ukuta, na ukuta huo uliongezwa tofali kila mmoja wao aliponunua kitu.

Habari ikaenea. Watu waliokuwa wakingoja bure walikuja kulipia kungoja. Kila mmoja alitaka kwanza kujaribu gari, na kwa kazi hiyo Mama Yadi alitenga moja jeupe, lenye vibao vya majaribio. Mwenye bucha alilipitisha kwenye kila tuta la mtaa. Mwenye duka la dawa aliwapakia mawifi zake wote. Mshenga hakupanda hata mara moja. Alibaki getini akimlainisha anayefuata.

Magari yalipokaribia kwisha, Mama Yadi alimletea chai.

"Na wewe, mwanangu? Utawaozesha wenzako tu?"

"Mimi natembea kwa miguu, Mama. Ni afya."

"Nilikuwa nimekuwekea kibao cha kwanza kabisa cha N. Namba moja. Nina mtu ofisini."

Mshenga alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hilo neno ni langu!"

"Nimeliazima. Ila wa kwangu yupo."

Angeondoka hapo hapo, hadithi ingekuwa fupi. Lakini aliwaza kibaraza. Aliwaza gari jipya, herufi mpya, namba moja; kitu ambacho hakikuwahi kuwa cha mtu tangu dunia iumbwe. Simwiti mjinga. Nasema tu kwamba alikuwa amemkumbuka mkewe, na mtu aliyekumbuka hivyo hatazami sana mizani. Shukrani zote alizokusanyia mtu wa ofisini alizimwaga mezani kwa Mama Yadi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalipa bei iliyoandikwa.

Tangazo lilisomwa redioni wakati wa chakula cha mchana. M ilikuwa imekwisha. N haitakuja. Vibao vipya vitakuwa na herufi na tarakimu zilizochanganywa bila mpangilio, ili mtu asiweze kutambua kwa macho gari limesajiliwa lini, na wananchi waache kuvizia herufi.

Mwenye bucha alipiga simu. Mwenye duka la dawa alipiga simu. Kisha walipiga kutoka simu moja, maana hatimaye walikuwa wameelewana juu ya jambo fulani. Mshenga hakupokea. Alikimbia yadini, akamkuta Mama Yadi anafagia getini.

"Ulijua!"

"Shemeji yangu ndiye anayekata vile vibao. Hajawahi kuambiwa akate N hata moja."

"Ndiyo maana ulikubali haraka."

"Nilikuwa na yadi imejaa M, mwanangu, na hakuna aliyezitaka." Alimpa ufunguo na vibao viwili vya mtindo mpya, ambavyo shemeji alikuwa amekwisha kuvikata. "Gari lako lile pale. Jeupe. Hata nailoni ya viti haijatolewa."

Mshenga alijifariji njia nzima. Namba moja haipo, sawa. Lakini gari ni jipya, na limelipiwa. Aliliegesha mbele ya kibaraza, akashuka, akasimama kando yake kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Baba mkwe alishuka ngazi. Alikisoma kibao, akarudia.

"Hiki kinasema gari la lini?"

"Hakisemi, Baba. Ni utaratibu mpya."

"Basi tuliulize gari lenyewe."

Mzee alifungua mlango, akainama, akapapasa raba ya breki kwa kidole gumba. "Pedali hii imekanyagwa na ukoo mzima." Akafunua nailoni ya kiti taratibu, akaingiza vidole viwili kwenye mshono, akatoa kijiti cha meno kilichotafunwa pande zote mbili.

Mshenga alikitambua. Akayakumbuka matuta. Akawakumbuka mawifi.

"Gari la majaribio," alisema kwa sauti ndogo.

Mkewe alikuwa ametokea mlangoni, mikono ina povu la sabuni. "Safari hii amekuja na gari la nani?"

"La kwake," alisema mzee. "Anasema amelilipia."

"Kwa bei gani?"

"Iliyoandikwa," alijibu Mshenga.

Mwanamke alishuka, akamkaribia. Alizijua sura zote za mumewe: ya kuapa, ya kuomba, ya mtu aliyeibiwa na wahuni njiani. Alimtazama kwa muda, na midomo ikaanza kumtetemeka kwa kicheko.

"Baba, kapigwa!"

"Nimeona."

"Hapana, mtazame usoni. Huo uso sijawahi kuuona."

Mzee alimkagua mkwewe kama alivyolikagua gari, mbele kisha ubavuni. "Huo kweli," alikiri, "haujawahi kuwa wa mtu mwingine."

Simu ikalia. Mshenga akaitazama. "Mwenye bucha."

"Pokea," mkewe alisema, akifuta povu kwenye kanga. "Mwambie ukweli. Kesho tunaliuza hilo gari, kila mtu arudishiwe chake. Ukitoka hapo, ndipo uniulize habari ya kurudi."

Mshenga alipokea. Alikohoa. 

"Kaka, ofisini… hakukuwa na mtu."

"Usinidanganye, wewe!" Sauti ya mwenye bucha ilifika mpaka kibarazani. "Unataka kumtumia peke yako! Mpe simu huyo mtu wako niongee naye!"

Mshenga alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama baba yake. Mzee alifikiri kidogo, akafunga kifungo cha juu cha shati, akanyoosha mkono.

"Ofisi hapa," alisema. "Faili lako limekataliwa. Utarudishiwa pesa yako yote gari moja jeupe likishauzwa. Usilipe mtu mwingine tena kwa ajili ya kungoja."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu.

"Ahsante sana, mkubwa. Nilijua tu upo."

Mzee aliipangusa simu kwenye shati kabla ya kuirudisha.