Jumbe Kumi na Moja Chini ya Sweta

Jumatatu, 4 Agosti

Leo wametufungia visanduku. Kila lori, kimoja. Kina skrini kama ya simu kubwa, kimekazwa kwa skrubu nne kando ya usukani, kinanitazama kama mkwe. Kuanzia sasa hatupigi simu ofisini. Tunaandika. Mama Ratiba, mratibu wa safari zetu, anasoma na kujibu. Kuna vitufe vya kubonyeza tu: Nimepakia. Nipo njiani. Nimefika. Nina tatizo. Magurudumu yakizunguka, skrini inajifunga. Ujumbe ukiingia kinalia, na namba nyekundu inapanda, mpaka usimame usome.

Miaka kumi na tisa barabarani, sijawahi kumwandikia mtu chochote. Lakini bosi ametangaza: dereva atakayewasiliana vizuri kuliko wote wiki hii atakabidhiwa lori jipya. Kitanda! Kiyoyozi! Langu lina kiyoyozi cha aina moja, dirisha lisilofunga.

Mpinzani ni mmoja tu. Nukta. Tunamwita hivyo kwa sababu kila anachoandika anakimalizia kwa nukta, hata orodha ya dukani. Kwenye mafunzo alikaa mbele na daftari. Mimi nilikaa nyuma nikasinzia, ila kwa makini.

Mke wangu ameuliza kama mtu asiyejibu meseji za mkewe ataweza kujibu za ofisi. Nimemwambia za ofisi zina zawadi. Nimejuta papo hapo.

Jumanne, 5 Agosti

Mkakati: wingi. Nukta aandike vizuri, mimi nitaandika sana. Kwa kuwa skrini hufunguka gari likisimama, nilisimama. Mara arobaini na sita. Nimewasha injini. Naona ng'ombe. Ng'ombe wamepita. Nimesimama ili kukuarifu kwamba nilikuwa naenda. Safari ya saa tatu imekula saa saba.

Mama Ratiba alivunja sheria yake mwenyewe akanipigia simu. Akauliza, kwa upole, kama nina homa. Nikasema sina. Akauliza kama kuna mtu karibu anayeweza kunigusa paji la uso, ahakikishe.

Nukta ametuma nne tu. Nne!

Hata hivyo sijafukuzwa. Nimepona.

Jumatano, 6 Agosti

Mkakati mpya: kasi. Asubuhi, nikiwa bado kwa fundi wa matairi, nilibonyeza vyote kwa mpigo. Nimepakia. Nipo njiani. Nimefika. Kisha nikaagiza chai. Dereva gani mwingine hufika kabla ya saa mbili asubuhi?

Kumbe kisanduku kinamwonyesha Mama Ratiba lori lilipo. Eti tuliambiwa kwenye mafunzo. Akaandika kuuliza ghala la mteja limehamia lini kwa fundi wa matairi. Nikajibu kwamba ni mtandao, unachelewesha. Akajibu kwamba mtandao ukichelewesha, ujumbe hufika baada ya jambo kutokea, si kabla. Nikabonyeza Nina tatizo.

Ameniachia kwa onyo la mdomo. Nilishusha pumzi kwa nguvu hadi fundi akageuka kuangalia tairi.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa!

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye ni dereva wa kampuni. Nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mizani, nikamwandikia siri. Kwamba Mama Ratiba ana sauti ya honi ya lori bovu, na Nukta anajipendekeza kwake kama paka jikoni. Chini ya skrini kuna vitufe viwili: Mmoja na Wote. Ukubwa sawa. Rangi sawa. Nani alibuni kitu hiki?

Madereva thelathini na mmoja. Na ofisi nzima.

Nikafuta. Kikasema kimefuta kwangu tu. Nikatuma kwa wote ufafanuzi kwamba ule ujumbe ulijiandika wenyewe kwa joto la injini. Shemeji akajibu, naye kwa wote, kwamba yeye hanijui. Nimemwoa dada yake miaka kumi na minne!

Mama Ratiba kimya. Siku nzima, kimya. Kesho ni barua ya kufukuzwa, sina shaka.

Ijumaa, 8 Agosti

Haya nayaandika kabla hata ya kuvua viatu.

Asubuhi nilipakia vifaranga elfu nne wa siku moja, kwenye trei, wakilia nyuma yangu kama mvua juu ya mabati. Nilipoingia barabara ya mlimani kisanduku kikalia. Nikajua: barua. Nikaamua sisomi. Ambaye hajasoma hajafukuzwa. Kikalia tena. Namba nyekundu ikapanda: mbili, tatu, tano. Nikazima simu. Nikavua sweta nikakifunika. Kikaendelea kulia humo ndani kama kifaranga wa elfu nne na moja.

Kwenye kona ya tatu nikaona mtu katikati ya barabara. Amevua shati, analipunga kwa mikono miwili, kitambi nje. Nukta! Nukta ambaye hupiga pasi hata soksi! Nikakanyaga breki. Vifaranga wakanyamaza wote kwa pamoja. Lori likasimama hatua chache kutoka kwenye tumbo lake.

Aliegemea mlango wangu, pumzi hana.

"Ndugu yangu," akasema, "husomi?"

Nikamuuliza nisome nini, barua yangu ya kufukuzwa?

"Barua gani? Tanki la mafuta limepinduka hapo mteremkoni. Petroli imetapakaa barabara nzima! Mimi nilisoma nikasimama. Wewe amekuona kwenye ramani unakuja tu, hujibu, simu haipatikani. Akaniomba nikuzuie kwa njia yoyote ile."

Nikaondoa sweta. Jumbe kumi na moja. Wa kwanza: Simama hapo ulipo, petroli imemwagika mteremkoni. Wa nne: Tafadhali nijibu. Wa saba: Kaka, nakuomba. Wa kumi na moja haukuwa na herufi kubwa wala nukta: simama baba simama

Hakuna hata mmoja uliotaja honi.

Nikakaa kwenye ngazi ya lori. Nukta akakaa kando yangu, kifua wazi, akanipa maji yake. Hakusema neno kuhusu paka.

Tulisubiri saa mbili juani mpaka njia ikasafishwa. Vifaranga wakaanza kuhema midomo wazi. Tukafungua milango ya nyuma, tukawapepea, mimi kwa kipande cha boksi, yeye kwa shati lake. Wamefika elfu nne wazima, kelele zao zilezile. Sijawahi kufurahia kelele kiasi hicho.

Nilipowasha simu, Mama Ratiba alikuwa analia na kunigombeza kwa pumzi moja. Nikamwomba radhi kwa lile la honi. Akasema mumewe humwambia hivyohivyo tangu wakiwa wachumba, nisijidhanie nimegundua kitu. Sauti ni ileile. Leo ningeisikiliza mpaka kesho.

Jumamosi, 9 Agosti

Lori jipya amepewa Nukta. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na sikuwa najifanya. Mimi nimepewa onyo la maandishi na mafunzo upya, kiti cha mbele. Lakini kazi ninayo! Uhai ninao!

Nyumbani mke wangu alinishika mkono mezani, hakuuachia mpaka chakula kikapoa. Kisha akasema kaka yake anaomba kunijua tena.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepumzika. Mwili mwepesi kama nimetua gunia. Nimeapa kuwa mtu mpya, mkweli, asiye na ujanja wowote.

Saa kumi jioni bosi ametutumia habari: mwezi ujao kuna zawadi kwa dereva atakayetumia mafuta machache kuliko wote.

Nimefikiri kidogo. Lori la Nukta ni jipya, linaweza kuvuta nyumba. Na Nukta mwenyewe ana roho nzuri, juzi nimeiona kwa macho yangu. Nikiharibikiwa chini ya kila mlima, hawezi kunipita. Atanivuta. Dizeli yake, rekodi yangu.

Nimeshapima mnyororo. Mita sita zinatosha.