Fizi za Mpiga Tarumbeta wa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya miadi na daktari wa meno. Jana usiku nilisugua meno kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Leo alfajiri tena. Nia: daktari aamini kwamba nimekuwa nikifanya hivyo tangu mwaka jana alipoagiza. Mke wangu aliuliza mbona sinki lina damu. Nikamwambia ni rangi ya mswaki mpya. Mswaki ni wa zamani, naye anajua, maana ndiye aliyeununua.

Kliniki ni safi mno. Daktari alichukua kile kichuma chembamba chenye vipimo, akawa anakichomeka kandokando ya kila jino huku akimsomea muuguzi namba. Mbili. Tatu. Tatu. Nikasononeka, alama za chini kiasi hicho! Tukafika meno ya mbele ya juu. Sita! Saba! Kichwa kikavimba. Nikamwonyesha muuguzi dole gumba.

Kumbe namba hizo ni kina cha mifuko iliyojificha kati ya ufizi na jino, na mwenye saba ndiye mgonjwa. Daktari alisema pia kwamba fizi zilizosuguliwa usiku mmoja anazitambua hata kabla mtu hajakaa kwenye kiti. Nimeumbuka. Mwaka jana alinisafisha chini ya fizi, akaniachia kazi ya nyumbani: mswaki asubuhi na jioni, uzi wa meno kila usiku. Uzi niliutumia mara moja tu, kushonea kifungo. Ukoga umerudi na kujenga humo. Sasa atafungua ufizi kidogo, asafishe mizizi, ashone. Kesho. La sivyo meno mawili ya mbele yataanza kucheza, kisha yataniaga.

Nikamweleza mimi ni nani. Mpiga tarumbeta wa kwanza wa bendi ya manispaa! Mtu asiye na meno ya mbele hapigi tarumbeta, anatema mate tu. Akasema ndiyo maana anashona. Halafu akanipiga rungu la kichwa: nikishashonwa, nisipulize kitu kwa wiki mbili. Hata filimbi. Hata chai.

Jumamosi hii tunafungua soko jipya! Mimi ndiye ninayepiga peke yangu utepe ukikatwa! Na kiongozi wetu wa bendi, tunayemwita Kijiti kwa ile fimbo yake, ametangaza kwamba baada ya sherehe atataja nani akalie kiti cha kwanza moja kwa moja. Ni mimi au Mashavu, mpiga tarumbeta wa pili. Mashavu! Mtu anayecheka kama mlango usiotiwa mafuta.

Jumanne, 5 Machi

Nimeshonwa. Sindano ya ganzi iliuma kidogo, baada ya hapo sikusikia kitu ila daktari akiuliza kama niko sawa, swali ambalo mtu mwenye vyuma mdomoni hawezi kulijibu kwa heshima. Nikitoka nilimtabasamia dada wa mapokezi. Mdomo ulikataa, mate yakakubali. Dada akanipa karatasi ya kujifutia.

Chakula: uji wa vuguvugu, maziwa, viazi vya kuponda. Dawa ya kusukutua, polepole. Mke wangu amechukua kile kipande cha tarumbeta kinachokaa mdomoni na kukificha. Anasema ananijua.

Nimewaza mchana kutwa. Nikimwambia Kijiti ukweli, kiti kimekwenda. Nikipuliza, nyuzi zitakatika, na meno yatafuata. Ndipo nikakumbuka tabia mbaya ya Mashavu. Kila ninapopiga peke yangu, yeye huwa ananifuata chinichini, ili watu waone kwamba naye anaijua sehemu yangu. Miaka nimelalamika! Leo nambariki. Jumamosi nitajaza mashavu upepo wa uongo, nitachezesha vidole, nitafumba macho kwa uchungu wa muziki. Mashavu atapuliza. Mimi nitapokea makofi.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi. Kile kipande nilirudishiwa baada ya kuapa kwa majina ya watoto wote. Nikamwambia Kijiti kwamba napumzisha midomo, sehemu yangu naitunzia siku yenyewe. Akafurahi, akasema hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya. Nikajitia hamnazo, nikachezesha vidole.

Bendi ilisikika nyembamba, sijui kwa nini. Kijiti akalaumu madirisha. Tukafunga. Akalaumu feni. Tukazima. Tukaiva humo ndani kwa saa nzima, na sauti bado nyembamba.

Wakati wa mapumziko Mashavu hakula karanga zake. Alikunywa maziwa. Nikimwangalia nakunywa maziwa, naye ananiangalia anakunywa maziwa. Anaiga! Ameona mpinzani wake anajitunza, naye anajitunza. Mdomo wake wa juu umevimba kidogo. Kaumwa na nyuki, na kwa kweli sikuhuzunika sana.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesimama mbele ya kioo na tochi. Ufizi uliokuwa mwekundu kama nyanya umeanza kutulia. Nikaona raha isiyo na kifani.

Halafu nikashika tarumbeta. Pumzi moja tu, nilijisemea, nione. Mke wangu akatokea mlangoni, mikono kiunoni. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nakumbuka baba yake alivyokataa nisimwoe, na kilichombadilisha ni nini. Nakumbuka sana. Nilipiga tarumbeta nje ya dirisha lao mpaka mzee akasema bora nioe, angalau kelele zihamie nyumba nyingine.

Nikaweka tarumbeta chini. Naogopa kweli. Sijui kazi nyingine, wala sitaki kuijua. Nikiwaza meno yale mawili yakianguka naona nimekaa barazani na mdomo wa kizee, nasikia bendi inapita bila mimi. Mke wangu akanipa uji. Nikanywa bila kuupuliza.

Jumamosi, 9 Machi

Lo!

Soko limejaa watu mpaka kwenye vichanja vya mboga. Mgeni rasmi, mama mmoja mnene mwenye kofia pana, amesimama na mkasi. Bendi imevaa sare. Mimi mbele, Mashavu begani kwangu. Tukapiga wimbo wa kuingilia, yaani wenzetu walipiga. Mgeni akakata utepe. Kijiti akaninyooshea fimbo.

Nikainua tarumbeta kwa madaha. Nikajaza mashavu. Vidole vikakimbia. Nikafumba macho.

Kimya.

Nikafumbua jicho moja. Mashavu naye kainua tarumbeta, kajaza yale mapipa yake, vidole vinakimbia, macho kafumba kwa uchungu wa muziki. Hakuna hata mluzi! Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga. Nyuma yetu ngoma kubwa inakwenda pum, pum, peke yake kama mtu aliyepotea. Kijiti amekuwa rangi ya zambarau. Sokoni kote husikii hata kuku.

Ndipo mgeni rasmi akavua kofia na kuinamisha kichwa. Walinzi wake wakainamisha. Wauza vitunguu wakavua vilemba vyao vya kubebea mizigo. Umati mzima umesimama kimya, mama mmoja analia. Kijiti, ambaye si mjinga, akashusha fimbo taratibu na kuinamisha kichwa chake pia.

Mgeni akashika kipaza sauti. Alisema ameona sherehe nyingi, lakini bendi inayowapa dakika ya kimya wachuuzi wa soko la zamani waliotangulia mbele ya haki, hajapata kuiona. Makofi! Kijiti akapewa mkono mara mbili.

Nilimkuta Mashavu nyuma ya maghala ya viazi. Nikamuuliza kwa hasira mbona hakupiga, na siku zote hunipigia sehemu yangu bila kualikwa. Naye akaniuliza mbona mimi sikupiga, na siku zote napiga kwa kelele hivi kwamba wa pili hata akilala hakuna atakayejua. Alikuwa amenitegemea mimi! Akapanua mdomo. Nyuzi. Meno ya mbele, juu. Nikapanua wangu. Mafundo yaleyale, mkono uleule. Kashonwa Jumatano na daktari wangu.

Tukacheka. Tuliishika midomo yetu isichanike, machozi yakitutoka. Hivyo ndivyo Kijiti alivyotukuta, kila mmoja akimchungulia mwenzake kinywani.

Hakuweza kutufukuza, baada ya kupewa mkono mara mbili. Lakini kiti cha kwanza kitakaa kitupu mpaka mwisho wa mwezi ujao, ambapo sisi wawili tutashindanishwa, tukiwa na ruhusa ya daktari. Hadi wakati huo mimi napiga matoazi. Mashavu anageuza kurasa za nota.

Jumatatu, 18 Machi

Nyuzi zimetolewa! Ufizi umekuwa wa waridi, umekaza, umelishika jino kama mtoto anavyoshika sketi ya mama. Daktari aliubonyeza na hakuna damu iliyotoka. Alitabasamu. Meno yangu yanabaki! Juma lijalo naruhusiwa kupuliza, mwanzo kwa upole. Akanipa kopo jipya la uzi wa meno, akanishika bega, akasema kilichobaki ni changu: kila usiku, bila kukosa, na vitu vitamu vya kunata niviogope. Baada ya miezi mitatu atapima tena mifuko. Nikamwapia. Niliapa kwa moyo mweupe kabisa.

Mlangoni nilikutana na Mashavu anaingia. Tukakumbatiana kama ndugu. Akasema mwenye fizi nzuri ndiye atakayeshinda, maana hatapoteza hata siku moja ya mazoezi. Nikasema amina.

Njia nzima nikawaza neno lile. Mwenye fizi nzuri! Basi mwenye fizi mbovu atashindwa. Mashavu ana udhaifu mmoja: karanga za sukari. Nikapita dukani nikanunua kilo mbili, zile za kunata haswa. Zawadi ya kumpongeza kwa kupona. Nani atanishuku?

Nilipofika nyumbani mke wangu akanikabidhi kopo la tofi. Mkewe Mashavu ndiye aliyelileta, na salamu za mumewe za kunitakia afya njema. Nikaguswa. Mtu mwema kiasi hicho, asiye na hila hata chembe! Nusura nighairi karanga. Sikughairi, ila nilimwonea huruma sana. Tofi tamu ajabu, zinang'ang'ania meno mpaka unazing'oa kwa kidole. Nimebakiza nne.

Karanga nimezifunga vizuri kwenye karatasi ya rangi. Hatukuwa na kamba ndani ya nyumba, nikatumia ule uzi wa daktari, wote, pamoja na fundo la mapambo juu. Mke wangu ameutazama mzigo huo, kisha akanitazama mimi, kisha akaenda kulala.

Hana haja ya kuhangaika. Nimeshapiga hesabu. Usiku wa kuamkia miadi nitasugua miezi yote mitatu kwa mkupuo mmoja.