Somo la Uchoyo Makorora

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku njema. Nimepata njia ya kuiokoa chekechea, na mimi mwenyewe nikiwamo ndani yake.

Hali ilivyo. Shangazi Shamsiya, mwenye nyumba na mwenye chekechea, ameshatamka: watoto wakiendelea kupungua, mwisho wa muhula anafunga. Nyumba atampangisha muuza vigae. Mwalimu Mastura ana cheti cha ualimu wa awali, hatakosa pa kwenda. Mimi nina kidato cha nne na mwandiko mzuri. Mimi napelekwa Maramba, kwenye shamba la michungwa, chini ya ami Turki. Ami Turki huamka kabla ya alfajiri na hupenda kila mtu aamke naye.

Asubuhi akaja kijana mmoja, Rafaeli, wa kituo cha televisheni cha hapa mjini. Wana kipindi cha watoto chenye wanasesere wawili wa kitambaa, Kaa na Kasa. Wanatafuta chekechea moja. Watoto wataonyeshwa somo la kushirikiana, na kamera itawachukua wakila kabla ya kulitazama na baada ya kulitazama, ili wazazi waone walivyobadilika. Nikamwambia hana haja ya kutafuta zaidi.

Mastura akauliza itakuwaje kama hawana cha kubadilika. Rafaeli akacheka, akasema hajamwona bado mtoto wa miaka minne asiye mchoyo. Atakuja Alhamisi ya wiki ijayo.

Shangazi akasema wazazi wakiona wakavutiwa, basi muuza vigae atafute kwingine. Nimepumua. Maramba imesogea mbali kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Tatizo.

Leo niliwatazama watoto wakila kwa jicho la kamera. Ubwabwa ulikuja kwenye sinia, kama kawaida. Wakanawa, wakakaa duara. Hakuna aliyegusa mpaka Yasini alipotoka msalani, na Yasini hutumia muda mrefu msalani. Kila mtu akala mbele yake. Azza, mkubwa wao, akachambua samaki, akawagawia wenzake wote, yeye akabaki na mkia. Kombo alipomaliza upande wake, jirani yake akamsukumia wali bila hata kuombwa.

Aibu tupu. "Kabla" iko wapi hapa? Mimi nina "baada" peke yake.

Nikamweleza Mastura. Akasema, mwalimu, hawa wanakula sinia moja tangu waache kunyonya, unataka nini tena? Nikasema nataka nafasi ya kuboresha. Akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

Uamuzi: watoto watafundishwa uchoyo kwanza, ili televisheni ipate cha kuwaondolea. Ni kwa siku chache tu. Sasa naenda kulala nikiwa mwepesi kabisa.

Jumatano, 7 Mei

Jaribio la kwanza. Niligawa sinia kwa mipaka ya mihogo ya kuchemsha. Nikawaeleza taratibu: huku ni kwako, kule ni kwa mwenzako, asivuke mtu. Wakasikiliza vizuri sana. Wakasema bismillahi. Wakala mipaka kwanza.

Kombo aliuliza kama na kesho kutakuwa na mipaka. Alipendekeza ya viazi.

Mastura alitoka nje. Nilisikia anakohoa, lakini hakikuwa kikohozi.

Alhamisi, 8 Mei

Rafaeli amenitumia kipindi kwenye simu ili nikikague. Nikakikagua mara mbili. Kaa anajenga nyumba ya mchanga. Kasa anataka kumsaidia. Kaa anamfukuza, anakumbatia koleo lake, anasema "Changu ni changu," kisha anaondoka kiupandeupande. Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili wimbi linabomoa nyumba, Kaa analia, wanajenga upya kwa pamoja, wanaimba.

Nusu ya pili haitufai kwa sasa.

Nikaunganisha simu na televisheni ya shangazi, nikawaonyesha nusu ya kwanza tu. Mara tatu. Mastura akauliza mwisho uko wapi. Nikasema mtandao unasumbua.

Matokeo mazuri kuliko nilivyotarajia. Wamempenda Kaa. Kasa hawamtaki, wanasema anaingilia kazi za watu. Wakati wa kwenda nyumbani chekechea nzima ilitoka getini kiupandeupande. Azza akaniuliza kama ni mchezo. Nikasema ndiyo, ni mchezo wa Kaa, na atakayeucheza vizuri ataonekana kwenye televisheni.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeenda Soko la Mgandini kununua sahani za plastiki, moja kwa kila mtoto. Nimeziandika majina kwa wino usiofutika. Za kwao tu, mimi si mtoto. Sinia nimeificha juu ya kabati.

Leo kila mmoja alikula sahani yake, uso ukutani. Yasini alipoomba kipande cha samaki, Kombo akamjibu, "Changu ni changu." Sauti ya Kaa kabisa. Mgongo ulinisisimka kwa furaha.

Mastura hajanisemesha tangu wakati huo. Alipoaga aliaga ukuta.

Jumapili, 11 Mei

Nimepata mshtuko, kisha nafuu. Naandika kwa utaratibu.

Bibi yake Kombo amefika kutoka Kigombe kuja kumwona mjukuu, na kapu la samaki mkononi. Walipotandika mkeka kula, Kombo akachukua chakula chake, akawapa mgongo. Bibi akamwambia njoo hapa mume wangu, unakula wapi huko? Kombo akasema changu ni changu, akaondoka kiupandeupande mpaka uani.

Bibi alikuja kwangu moja kwa moja. Nikamwamkia shikamoo, akaipokea kwa shida. Akasema yeye amelea watoto na wajukuu, hajapata kukatazwa tonge na mume wake. Akataka kujua ni nani aliyemharibu. Na shangazi yako yuko wapi, nikaongee naye?

Nikiwa nimeshaanza kuiona michungwa, nikamweleza kwamba haya ni maandalizi ya televisheni.

Bibi akauliza, Kombo wangu ataonekana? Nikasema Kombo ndiye wa mbele. Akaketi. Akauliza kama na wazee wanaruhusiwa kuonekana, na kama kanga ya kijani itatoka vizuri au avae ya manjano. Nikamshauri ya manjano. Ameniachia samaki wawili.

Alhamdulillahi.

Jumatano, 14 Mei

Mazoezi ya mwisho. Uchoyo umekamilika. Nimetembea katikati yao na kijiko, nikijifanya nataka kuonja. Hakuna aliyekubali. Wengine walifunika sahani kwa mikono miwili.

Mastura amevunja kimya chake. Akasema, wewe umeweza kuwafundisha, sasa utaweza kuwafundua? Nikamwambia hiyo ni kazi ya Kasa. Nusu ya pili itawarudisha, ndiyo maana ya kipindi. Akasema haya, mwalimu. Hiyo haya yake sikuipenda.

Chakula cha usiku kimenishinda.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika mwanzo hadi mwisho.

Rafaeli alifika mvua ikinyesha, akaifunga kamera yake juu ya miguu yake mitatu. Shangazi alikuwapo. Bibi yake Kombo pia, kanga ya manjano. Mimi sikuwa nimetia kitu kinywani tangu jana mchana.

"Kabla" ilikwenda vizuri mno. Nusu ya ubwabwa wa kila mtoto, uso ukutani, changu ni changu kila pembe. Rafaeli alinong'ona kwamba katika kazi yake hajaona watoto wachoyo namna hii. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Shangazi hakufurahi. Aliniuliza tangu lini watoto wake wanakula kama wafungwa.

Tukawaonyesha kipindi kizima. Wimbi likaja, nyumba ikabomoka, Kaa akalia, wakajenga, wakaimba. Kombo akauliza kwa nini Kaa ameacha watu washike koleo lake.

Ikaja "baada". Sahani zikaongezwa nusu ya pili ya ubwabwa na samaki. Nikaleta sinia tupu, nikaiweka katikati, nikasema kwa sauti ya Kasa: haya, tumimine wote, tule pamoja. Hakuna aliyemimina. Wakazikumbatia sahani zao, wakarudi ukutani, kiupandeupande.

Nikabembeleza. Nikaimba. Niliimba peke yangu, beti zote.

Rafaeli akaanza kulegeza miguu ya kamera. Shangazi akatoa simu. Nilimsikia wazi akimuuliza ami Turki kama kule shambani kuna kitanda cha ziada.

Nikakaa chini pale pale, mbele ya sinia tupu. Sikuwa na mpango mwingine. Tumbo likanguruma, wote wakasikia.

Azza akageuka. Akaniuliza, mwalimu, sahani yako iko wapi? Nikasema sina. Akaangalia kama nadanganya. Kisha akawaambia wenzake, kama mtu anayefunga duka, kwamba mchezo wa Kaa umeisha, mwalimu hana pa kulia.

Akaja akitembea wima. Akamimina sahani yake yote kwenye sinia. Akafuata Kombo. Wakafuata wengine, mpaka sinia ikajaa ikawa mlima. Nikanyoosha mkono, nina njaa jamani. Azza akaurudisha. Yasini yuko msalani, alisema. Tukamngoja Yasini. Rafaeli alikuwa ameshaikaza tena kamera.

Samaki alichambua Azza. Kipande cha kwanza alinipa mimi. Mkia akabaki nao yeye.

Shangazi akamwambia ami Turki kitanda basi, akatia simu kwenye mkoba. Akaniambia, weye Nadir, kula mbele yako, usivuke kwa mtoto. Nilikuwa nimevuka, kweli. Ubwabwa ule sijui nitausimuliaje. Nilikula nikilia kidogo, Kombo akasema ni pilipili.

Jumatatu, 19 Mei

Jana kipindi kilionyeshwa. Leo asubuhi getini kulikuwa na wazazi, na watoto wao wameshikwa mkono. Wawili wametoka shule ile mpya yenye kuta za rangi, iliyokuwa ikituchukulia watoto. Wote wanauliza mbinu gani ilitumika. Shangazi amemwarifu muuza vigae kwamba nyumba haipangishwi. Mwili wangu wote umelegea kwa raha. Hata mvua leo naiona nzuri.

Mastura akanijia na chai, kwa hiari yake. Akasema, sasa umeona? Nikasema nimeona. Bila zile sahani tusingefika popote, na kosa la kutojinunulia yangu lilikuwa hesabu nzuri ambayo sikujua nimeipiga. Akarudi na chai yake.

Mchana Rafaeli amepiga simu. Wakubwa wake wamefurahi, wanataka chekechea yetu tena. Mtindo ule ule, kabla na baada. Safari hii somo ni kusema kweli.

Nimewachunguza watoto siku nzima. Hali ni mbaya. Azza amemweleza shangazi kwamba wanja wake umepanda jicho moja. Kombo amemwambia mzazi mgeni kuwa bomba la msalani limeharibika na mwalimu amelifunga kwa kamba. Yasini ameungama kosa ambalo hakuna aliyeliona. Hawana uongo hata wa kuanzia.

Kesho baada ya uji tunaanza, na uongo mdogo mdogo kwanza. Mastura amepita hapa sasa hivi, akauliza naandika nini. Nimemwambia naandika mahitaji ya jikoni. Lazima mwalimu awe mfano.