Utando wa Mouigni na Spiriti ya Koulsoum

Mwaka 1986, kwenye mnada wa mizigo iliyosahauliwa bandarini Mahajanga, Mouigni alinunua sanduku la chuma lisilotakiwa na mtu. Ndani mlikuwa na pampu ya mkono, mirija, na utando mweupe mwembamba kama ganda la kitunguu. Kijitabu cha Kifaransa kilidai kwamba utando huo hupitisha maji na kuzuia spiriti. Mouigni alicheka mpaka machozi yakamtoka. Uongo mtamu namna ile, tena umeshapigwa chapa!

Akamkumbuka Koulsoum, mtengeneza manukato wa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be. Spiriti yake ilikuwa na maji mengi. Kila akitia mafuta ya langilangi, manukato yanageuka meupe kama tui. Wateja walikuwa wanamkimbia.

Siku tatu baadaye Mouigni yuko sebuleni kwa Koulsoum, kifuko cha maji kimefichwa ndani ya mkono wa koti.

"Utando huu ni afisa forodha, bibie," alisema akisukuma pampu. "Maji yana karatasi, yanapita. Spiriti inaambiwa irudi kwao."

Akabana kifuko. Matone yakadondoka bakulini.

Koulsoum akayatazama matone, akautazama na mkono wa koti. "Subhanallah! Nikupe nini, bwana?"

"Madumu mawili ya mafuta ya langilangi. Kwa kuwa ni wewe."

Koulsoum akaingia ndani, akakawia kidogo, akatoka nayo. Mouigni akanusa, roho ikamtulia, akawahi meli.

Mahajanga, mnunuzi aitwaye Fazul alimimina dumu la kwanza kwenye chupa ya kioo. Mafuta yakaelea juu, unene wa kidole. Chini, maji matupu. La pili vilevile.

Mouigni akarudi Nosy Be akifoka njia nzima. Mlangoni kwa Koulsoum akakuta foleni, na manukato maangavu yanameta chupani.

"Umenilipa maji!"

"Na wewe je? Koti lako lilivuja kabla hujashika pampu," Koulsoum alijibu. "Lakini kijitabu nilikisoma. Spiriti ipashwe moto, mrija uzungushiwe barafu. Maji hupenya yakiwa mvuke, yakipoa yanadondoka."

"Yaani... inafanya kazi?"

"Tangu Jumatatu."

Mouigni akaketi ngazini. Mara ya kwanza maishani alikuwa ameuza kitu cha kweli, na amelipwa maji.

Nauli hakuwa nayo, basi Koulsoum akampa kazi ya kusukuma pampu na kuwaeleza wateja. Huwaapia kwa Mungu kwamba maji hupita na spiriti hubaki. Wateja hucheka mpaka wakashika mbavu, hununua chupa zao, kisha humnong'oneza Koulsoum ajihadhari na yule mwongo.